Lenzi imeota kuvu na ndege hawatoki vizuri: ninunue nyingine?

*"Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi karibu na Gede, kaunti ya Kilifi. Mwaka jana nilinunua kamera ya mtumba na lenzi ya kuvuta ya milimita 70–300, na tangu hapo wikendi zangu huishia kwenye hori ya bahari ya Mida nikipiga picha ndege wa ufuoni. Nina matatizo mawili. Kwanza, ndege walio mbali hawatoki vizuri; manyoya yanaonekana kama yameyeyuka, hata nikitumia tripodi. Pili, nimeona nyuzinyuzi nyeupe ndani ya lenzi, mfano wa utando wa buibui. Fundi mmoja wa simu ameniambia lenzi imekufa, nitafute nyingine. Rafiki yangu anasema niizike kwenye mchele, mwingine anasema niianike juani. Nimepata lenzi ya 150–600 ya mtumba ambayo bei yake ni karibu mishahara yangu miwili. Niikopee? Au niuze vyote, maana labda pwani si mahali pa kamera? Halafu kuna jirani anataka tufuatane usiku tukapige picha kasa wakitaga. Je, flashi ya kamera yangu itatosha?"*

Marahaba, Mwalimu. Nianze na la mkopo, kwa sababu ndilo linaloweza kukuumiza: usikope, na wala usiuze. Kwa jinsi ulivyoeleza, una matatizo mawili yaliyokutana kwenye lenzi moja, na ndiyo maana wewe na huyo fundi mmeyaona kuwa ugonjwa mmoja. Kuvu ni tatizo la kweli na tutalishughulikia. Lakini kinachoyeyusha manyoya ya ndege wako hakimo ndani ya lenzi. Kimo hewani, kati yako na ndege. Ukinunua lenzi ya mishahara miwili, utaielekeza kwenye hewa ileile.

Kwanza tuipunguze hofu ya kuvu. Kitu kilicho juu ya kioo cha lenzi au ndani yake kiko karibu mno na kamera, hivyo hakiwezi kutokea kwenye picha kikiwa na umbo lake. Nyuzi za kuvu hazichori nyuzi. Kazi yake ni kutawanya mwanga, na matokeo yake ni picha iliyopauka: weusi unakuwa kijivu, rangi zinafifia, na ukielekeza lenzi upande wa jua unapata utando mweupe picha nzima. Hata hivyo, ukiikuza picha ya namna hiyo, mistari ya manyoya bado utaiona ipo. Nyuzi chache pembeni mwa kioo cha mbele hata hutaziona athari zake. Zikiwa kwenye kioo cha nyuma, kile kinachopakana na kamera, madhara ni makubwa zaidi, lakini bado ni yaleyale ya kupauka. Manyoya yaliyoyeyuka yana sababu nyingine.

Wewe huwa unafika Mida saa ngapi? Hukusema, ila naweza kukisia: saa nne au saa tano asubuhi, bahari ikiwa imekupwa, kwa sababu ndipo ndege wanapoonekana wengi wakila. Saa hiyo eneo kubwa la tope na mchanga liko wazi juani. Mchanga unapata joto haraka, hewa inayougusa inapata joto nayo, kisha inapanda kwa mafundo mafundo huku hewa baridi ikishuka kushika nafasi yake. Hewa ya moto na hewa baridi hupinda mwanga kwa viwango tofauti. Basi mwanga unaotoka kwa ndege aliye mita mia moja mbele yako unapita katika mafundo mengi ya hewa, na kila fundo linaupinda kidogo kivyake kabla haujafika kwako. Ni mazigazi yaleyale unayoyaona juu ya lami ya barabara ya Malindi saa saba mchana, ila kwa macho tu huyatambui kwa sababu hujamkuza ndege. Lenzi ya 300 inamkuza ndege na mazigazi pamoja. Ya 600 itavikuza vyote viwili mara mbili ya hapo. Tripodi nayo inaituliza kamera tu. Hewa haina wa kuishika.

Usiniamini kwa maneno, lifanyie jaribio. Ukiwa Mida saa hizo za joto, weka kamera kwenye upigaji mfululizo, mlenge ndege aliyesimama tuli, piga picha kumi kwa mkupuo mmoja. Zikuze nyumbani uzilinganishe. Lenzi mbovu inakosea vilevile kila mara. Mazigazi hubadilika: picha moja shingo imepinda, inayofuata mguu umekatika, ya tatu kwa bahati imetoka safi kiasi. Jaribio la pili fanya nyumbani alfajiri, kabla ukuta haujapata joto. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani kivulini, simama hatua kumi, kamera kwenye tripodi, lenzi ivute hadi 300, na utumie kipima muda ili mkono wako usiitikise. Piga kwanza kwa kutazama tunduni, kisha kwa kutumia skrini ya nyuma ya kamera. Herufi zikisomeka vizuri kote, lenzi yako ni nzima. Zikiwa safi ulipotumia skrini na hafifu ulipotazama tunduni, basi kamera na lenzi hazikubaliani kwenye fokasi, jambo ambalo baadhi ya kamera zina sehemu ya kulirekebisha kwenye menyu. Upande mmoja wa ukurasa ukiwa safi na mwingine umevurugika, kuna kioo kilichosogea ndani, na hapo ni kazi ya fundi.

Angalia pia kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inauruhusu mwanga kuingia. Kwa 300 usishuke chini ya sehemu 1 ya 1000 ya sekunde kwa ndege anayetembea na kudonoa, na 1 ya 2000 kwa anayeruka. Pandisha ISO, ule wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila woga. Chengachenga kwenye picha zinavumilika kuliko ndege aliyetikisika.

Hapa sasa ndipo unapoweza kupata bure kile ulichotaka kukikopea. Pwani yetu bahari hujaa mara mbili kwa siku, na kati ya maji kujaa na kujaa tena zinapita kama saa 12 na dakika 25. Hilo unalijua. Ambalo wapiga picha wengi hawalifikirii ni kwamba bamvua ya kwetu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, ina saa zake. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, bahari hujaa kwenye saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukupwa kwenye saa nne hadi saa tano asubuhi. Ni hivyo mwezi nenda mwezi rudi. Maana yake, maji makavu kabisa ya bamvua, yale yanayoianika Mida yote, huja jua likiwa kali kila mara. Ndege wametawanyika mbali, mchanga unafuka joto, na mwanga unatoka utosini. Umekuwa ukienda saa nzuri ya kuhesabu ndege na mbaya ya kuwapiga picha.

Bahari huchelewa kwa dakika arobaini hadi hamsini kila siku. Kwa hiyo ukifika tarehe 17 au 18, na vilevile tarehe 3 au 4, maji yanajaa karibu na magharibi. Hizo ndizo siku zako. Fika saa saba na nusu au saa nane mchana, kaa upande wa barabara kuu ya Mombasa, ambako jua la jioni litakuwa mgongoni mwako, kisha usiende popote. Maji huingia polepole mwanzoni, halafu yanashika kasi: nusu nzima ya ujazo huingia katika saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kupanda, kwa hiyo uwe umeshatulia kabla ya hapo. Yanapofunika mchanga wa moto, mazigazi yanakufa. Yanapowafikia ndege miguuni, wanasogea nchi kavu hatua kwa hatua, wakija upande wako wenyewe. Aliyekuwa mita mia na hamsini atakuwa mita thelathini, na 300 yako itamtosha. Hewa imepoa, mwanga umelala, na hujafukuzana na mtu.

Nikisema kaa, namaanisha kaa chini kabisa. Tandika turubai au gunia, kamera iwe usawa wa jicho la ndege. Picha inayopigwa mtu akiwa amesimama inamwonyesha ndege mgongo na tope lililomzunguka. Ukishuka chini, nyuma yake kunabaki maji na mikoko ya mbali iliyolainika, na ndege anasimama peke yake.

Ukiona kundi zima limenyoosha shingo na kukuelekea, limeshakuhesabu kuwa hatari; tulia, au rudi nyuma kidogo. Hili lina uzito kuliko adabu tu. Wengi wa wale kitwitwi wadogo unaowaona Mida hutoka kuzaliana tundra ya Siberia, wanakuwa hapa kuanzia karibu Septemba, na Machi na Aprili wanajaza mafuta mwilini kwa ajili ya kurudi. Kila unapowarusha, wanachoma mafuta yale. Maji yakijaa kabisa watahamia mahali pa kupumzikia. Waache waende, usiwafuate mikokoni. Machi na Aprili ndipo baadhi yao wanapobadili manyoya na kuwa na kifua chekundu cha matofali, kwa hiyo najua kishawishi kitakuwa kikubwa. Kaa palepale.

Kwa msimu huu ningekushauri umchague ndege mmoja: yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, mla kaa, ambaye watu hufunga safari ndefu kuja kumwona hapo Mida. Huyu hutaga kwenye mashimo anayoyachimba mchangani katika pwani za Ghuba na Oman, na joto la mchanga humsaidia kuatamia. Watoto wake, ambao mgongo wao ni wa kijivu, huja hadi kwetu wakiwa bado wanamlilia mzazi awape chakula. Mtoto aliyeinama akiomba, mzazi ana kaa mdomoni: hiyo ni picha ya kuisubiri miezi, na haihitaji lenzi ya 600, inahitaji mtu aliyekaa palepale maji yakipanda.

Weupe wa ndege huyo utakusumbua kidogo. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kitu duniani ni kijivu cha wastani. Ndege mweupe mdogo mbele ya mikoko myeusi, kamera itaona giza na kuongeza mwanga, na manyoya yataungua yawe karatasi tupu. Punguza nukta moja kwenye kile kipimo cha mwanga chenye alama za + na –. Mchanga mweupe ukijaza picha, kamera itaona mwanga mwingi na kuupunguza, na ufuo utatoka kama saruji. Ongeza nukta moja. Piga moja, tazama skrini, rekebisha, endelea.

Sasa turudi kwenye zile nyuzi. Mbegu za kuvu ziko kila mahali, hata kwenye lenzi mpya iliyotoka dukani leo. Zinasubiri unyevu, giza, hewa iliyotulia, na chakula kidogo cha vumbi na mafuta ya vidole. Unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 65 au 70 kwa siku nyingi mfululizo, zinaota. Usiku wa pwani huvuka kiwango hicho karibu mwaka mzima, kwa hiyo hujafanya uzembe wowote wa ajabu. Nina shaka na kitu kimoja tu, mkoba. Watu wengi wakirudi kutoka ufuoni huifunga kamera kwenye mkoba wake wenye sponji, uleule uliolowa jasho na hewa ya chumvi, na kuuweka juu ya kabati hadi Jumamosi nyingine. Hakuna mahali kuvu ipendapo kama hapo. Mkoba ni wa safari, usiwe wa kulalia.

Chumvi nayo haingoji uangushe kamera majini. Miezi ya kusi, upepo unabeba marasha ya mawimbi hadi mbali, na yakikauka kwenye kamera yanaacha chembe usizoziona. Chumvi ya kawaida hunyonya maji kutoka hewani unyevu unapofika karibu asilimia 75, na chumvi ya bahari ina chembechembe nyingine zinazonyonya hata unyevu ukiwa chini zaidi. Kwa hiyo kamera unayoiona kavu mchana, usiku inalowa upya ikiwa kabatini, na yale maji ya chumvi yanakula vishikizo vya betri na pete ya lenzi taratibu. Kupangusa kwa kitambaa kikavu kunaisambaza tu. Ukifika nyumbani, anza na ile pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi ili mchanga utoke. Halafu lowesha kitambaa laini kwa maji baridi ya kunywa, kikamue mpaka kisidondoke, ufute mwili wote wa kamera na lenzi kwa nje, mwishowe ukaushe. Vioo vina kitambaa chake; usitumie shati wala leso. Mchanga mweupe wa Watamu umetokana na matumbawe na ni laini kuliko kioo, lakini ule wa hudhurungi upande wa Malindi, unaoletwa na mto Sabaki, una chembe ngumu kuliko kioo. Ukiufuta kabla ya kuupuliza, utachora lenzi.

Makazi mapya ya kamera yako yatagharimu pesa kidogo sana ukilinganisha na lenzi. Tafuta chombo kikubwa cha plastiki cha kuhifadhia chakula, chenye mpira kwenye mfuniko na vishikizo pembeni. Ndani weka silika jeli, zile chembechembe zinazokuja kwenye vipakiti ndani ya maboksi ya viatu, ila ununue za kutosha. Gramu mia mbili hivi zinakidhi kamera moja na lenzi mbili. Ongeza kipima unyevu kidogo, cha mshale au cha dijitali. Lenga asilimia 40 hadi 50. Usifurahie kushuka chini ya 30, kwani mpira na grisi za ndani havipendi ukavu wa kupita kiasi. Nunua jeli ya rangi ya chungwa, ambayo hubadilika rangi ikishiba maji. Ile ya buluu ina kobalti, na nyumba yenye watoto haifai kuwa nayo. Ikishiba, ikaushe kwenye ovena nyuzi 120 kwa saa mbili hivi, au kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo kabisa huku ukikoroga, kisha iache ipoe kabla ya kuirudisha.

Mchele hapana. Mchele uliokaa kwenye gunia pwani umeshakunywa unyevu wake, na unga wake ni chakula utakachokuwa umeipelekea kuvu mezani. Jua nalo hapana: mionzi inayoua kuvu sehemu kubwa huzuiwa na vioo vyenyewe, wakati joto linayeyusha grisi ya ndani, na lenzi iliyoachwa juani inaweza kukusanya mwali mmoja na kuunguza kitu. Kama kuna atakayekushauri nafthalini, mwambie aibakize kwenye nguo.

Ukilala mahali penye kiyoyozi, kuna jambo jingine. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huacha umande kwenye kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 25. Kamera iliyolala kwenye chumba cha nyuzi 22 itatokwa jasho mara tu ukifungua mlango, nje na pengine ndani. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado chumbani, toka nayo, na uifungue baada ya nusu saa au zaidi.

Kuhusu lenzi yenyewe, ichunguze hivi. Itoe kwenye kamera, fungua tundu lake la mwanga, washa tochi ya simu upande wa nyuma ukiielekeza kwa mshazari, nawe utazame kutoka mbele ndani ya chumba chenye giza. Nyuzi zikiwa chache na ziko pembeni, usiiguse. Iweke kwenye boksi, ichungulie tena kila mwezi, na mara nyingi zitakomea hapohapo. Zikiwa zimefika katikati au kwenye kioo cha nyuma, au mwezi ujao zimeongezeka, mpelekee fundi wa kamera. Nasema fundi wa kamera, Mwalimu, sidharau mafundi wa simu. Lenzi ya kuvuta ina makundi ya vioo ambayo yakirudishwa nje ya mstari kwa tofauti ndogo sana, hutaisoma tena ile gazeti. Mombasa na Nairobi wapo wenye zana hizo. Kabla hujamwachia, muulize kama amewahi kuifungua lenzi ya aina hiyo, atapimaje mstari wa vioo baada ya kuifunga, na kama atakuonyesha vioo vikiwa wazi kabla ya kuvirudisha. Akikasirika kwa maswali, ondoka.

Nikuambie ukweli mwingine: kuvu hutoa asidi inayokula rangi ya juu ya kioo. Fundi akisafisha, nyuzi zitaondoka lakini alama zake zinaweza kubaki, na hakuna kitambaa kitakachozitoa. Kwa hiyo ikiwa gharama inazidi nusu ya bei ya lenzi kama hiyo ya mtumba, nunua nyingine ya aina ileile, na siku ya kununua uende na tochi yako. Usiione ya zamani kuwa na ukoma. Haiambukizi zaidi ya hewa ya chumba chako. Boksi likiwa kavu zinaweza kukaa pamoja.

Ya 600 sijaitukana. Kwa ndege wa bahari wanaopita mbali mwambani, au kama miguu haikuruhusu kukaa topeni, ina maana. Lakini ni nzito, inahitaji mwanga mwingi, na saa nne asubuhi itakuletea mazigazi makubwa zaidi. Maliza kwanza msimu mmoja wa jioni za maji kujaa. Ukiona hewa imepoa, ndege yuko mita thelathini, na bado hajajaa kwenye picha unayoitaka, ikodishe kwa siku moja kabla ya kuwaza kuinunua. Na asikudanganye muuzaji kwamba kamera iliyozibwa dhidi ya maji ndiyo dawa ya bahari. Mpira ule unazuia manyunyu, nao unazeeka. Hautengenezwi kwa ajili ya kuzama. Kamera ikiingia baharini, zima, toa betri na kadi papo hapo, isuuze kwa maji baridi safi ili chumvi itoke, usijaribu kuiwasha, na uipeleke kwa fundi siku hiyohiyo. Itakuwa na nafasi ndogo, ila iliyokauka na chumvi ndani haina hata hiyo.

Usalama wako nao una saa zake. Jioni za bamvua maji yanaweza kukuzunguka kwa nyuma wakati wewe umeinamia tundu la kamera, kwa hiyo chagua mahali ambapo njia yako ya kurudi inapanda, na uende na mwenyeji. Vaa viatu vyenye soli ngumu. Viumbe wenye miiba na samaki jiwe wapo. Konokono wa bahari wenye umbo la pia na maua mazuri usiwashike hata wakikupendezesha, kwani baadhi yao sumu yao inaua. Ukichomwa na chochote kati ya hivyo na maumivu yakapanda au pumzi ikabana, hilo ni la hospitali, tena haraka. Siku ambazo hutaki tope kabisa, lile daraja la mbao linalopita mikokoni hapo Mida linatosha, hasa kwa kaa na kwa ndege wanaorudi mitini.

Na kasa: flashi hapana kabisa, na suala la kutosha au kutotosha halipo. Kasa jike akipanda ufuoni usiku na kukutana na mwanga na watu, anaweza kugeuka akarudi majini bila kutaga. Watoto wanapoanguliwa hutafuta bahari kwa kufuata upande wenye mwanga, kwa hiyo tochi na flashi zinawapotezea njia. Isitoshe, kasa wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na ufuo wa Watamu uko ndani ya hifadhi ya bahari tangu 1968. Hutaki kueleza kwa askari wa wanyamapori ulikuwa ukifanya nini hapo saa sita usiku. Hapo Watamu kuna Local Ocean Conservation, wanaolinda viota na kutibu kasa waliojeruhiwa. Mpeleke jirani yako akawaone mchana, mkawaulize lini viota vinatarajiwa kuanguliwa, na mfuate masharti yao. Watoto wa kasa wakitoka kabla giza halijaingia, lenzi yako ya 300 itafanya kazi bila mwanga wa ziada, nawe ukae kando ya njia yao, usiwe mbele.

Anza na gazeti ukutani. Nitumie picha mbili, moja uliyopiga kwa kutazama tunduni na moja kwa skrini, pamoja na moja ya lenzi yenyewe ikimulikwa kwa tochi. Nikiziona nitakuambia kama safari ya fundi ina haja, na nani wa kumuuliza.